Mimea ya kutibu mawe ya figo: hatua za kufuata kabla hujachemsha majani

Maumivu ya jiwe la figo hayana mkao. Yanaanzia ubavuni, yanashuka hadi kinenani, yanakuja na kuondoka kwa mawimbi, na mgonjwa akikaa, akisimama, akijilaza, yote ni mamoja. Mtu aliye katika hali hiyo akiambiwa kuna majani yanayotoa mawe, atayachemsha usiku huohuo, na simlaumu. Ninachomwomba ni kwamba ajue anachokunywa. Mimea inayosifiwa kwa mawe ya figo haina hadhi moja: michache imejaribiwa kwa wagonjwa ikaonyesha dalili njema, mingi imejaribiwa kwa panya tu, na mingine inaiua figo ileile unayotaka kuiokoa. Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka: kwanza jiwe, kisha maji, ndipo mmea.

Hatua ya 1: Hakikisha hustahili kuwa hospitali sasa hivi

Maumivu ya ubavu yakiambatana na homa au kutetemeka kwa baridi, acha kila kitu uende hospitali. Maana yake huenda jiwe limeziba njia na mkojo uliokwama nyuma yake umeingiwa na bakteria. Hapo sumu inaweza kuingia kwenye damu kwa muda mfupi, na tiba ni antibayotiki pamoja na kuifungulia figo njia kwa mrija. Hakuna jani linaloweza kazi hiyo.

Vivyo hivyo kwa aliyeacha kabisa kupata mkojo, anayetapika hata maji hayakai tumboni, mwenye figo moja, mjamzito, mtoto mdogo, na yeyote aliyekwisha kuambiwa figo zake zimepungua nguvu. Hawa wasianzie kwenye majani hata kama jiwe lenyewe ni dogo.

Hatua ya 2: Jua jiwe lina milimita ngapi na limekaa wapi

Altrasaundi huonyesha mawe mengi yaliyo ndani ya figo na huonyesha kama figo imevimba. Kipimo cha CT huona vizuri zaidi, hasa mawe madogo yaliyoshuka kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Ukipewa majibu, usiondoke na neno "mawe" tu. Uliza ukubwa kwa milimita, uliza mahali, uliza kama njia imeziba. Andika majibu hayo.

Namba hiyo ya milimita ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Jiwe lililo kwenye mrija likiwa chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe. Likiwa kati ya 5 na 10, uwezekano wa kutoka ni kama nusu kwa nusu. Likizidi 10, ni nadra kutoka bila msaada wa daktari. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wakisubiri mawe yatoke. Kwa waliofanikiwa, mawe ya milimita 2 au chini yalichukua wastani wa siku 8, ya milimita 3 siku 12, na ya milimita 4 hadi 6 siku 22.

Zitazame siku hizo kwa makini, kwa sababu zinaeleza shuhuda nyingi unazozisikia. Mtu ana jiwe la milimita 3, anaanza kunywa majani ya mti fulani Jumatatu, na baada ya wiki mbili hivi jiwe linaanguka. Atausifu ule mti maisha yake yote, na hasemi uongo, kwani amesimulia alichokiona. Ila jiwe lake lilikuwa la kutoka hata angekunywa maji matupu, na hakuwa na mwenzake wa kumlinganisha naye. Ndiyo maana wataalamu hugawa wagonjwa makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa. Unaposikia mmea umethibitishwa, swali lako la kwanza liwe hilo: je, kulikuwa na kundi la kulinganisha?

Kuna mtego mwingine hapa. Maumivu kuisha si jiwe kutoka. Jiwe linaweza kukwama kwenye mrija likanyamaza, na figo ikaendelea kuvimba na kupoteza kazi yake kimyakimya. Mgonjwa anajiona amepona, muuza dawa anachukua sifa, na miezi baadaye vipimo vinaonyesha figo moja haifanyi kazi.

Hatua ya 3: Jua jiwe limetengenezwa na nini

Mawe mengi, takriban saba au nane kati ya kila kumi, ni ya kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula vingi vya mimea na ambayo mwili pia huitengeneza. Mengine ni ya kalsiamu na fosfeti, mengine ya asidi ya yuriki, mengine huletwa na maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo, na machache sana hutokana na hitilafu ya kurithi inayoitwa sistinuria.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Jiwe la asidi ya yuriki linaweza kuyeyuka ndani ya mwili iwapo ukali wa mkojo utapunguzwa, kwa kawaida kwa kutumia sitreti ya potasiamu chini ya uangalizi, hadi pH, kipimo ambacho hupanda ukali unaposhuka, ifike kati ya 6.5 na 7. Jiwe la bakteria huhitaji kuondolewa lote na maambukizi kutibiwa, la sivyo hurudi. Jiwe la kalsiamu na oksaleti, ambalo ndilo la watu wengi, halina kinywaji kilichothibitika kuliyeyusha, kiwe cha hospitali au cha asili. Anayekuuzia chupa moja inayoyeyusha "mawe ya aina zote" kwa siku chache hajui anachouza, au anajua na hajali.

Namna ya kujua aina ni kulikamata jiwe lenyewe. Kojolea kwenye chombo chenye mdomo mpana, kisha upitishe mkojo kwenye chujio la chai lenye matundu madogo sana au kitambaa cheupe cha pamba. Fanya hivyo kila mara, hata usiku, kwa sababu jiwe huchagua saa lake. Kagua kitambaa kwenye mwanga: utafuta punje ya kahawia, nyeusi au ya njano, mara nyingi yenye miiba, ndogo kama chembe ya mchanga mnene. Isuuze kwa maji safi, iache ikauke, iweke kwenye kichupa kikavu bila spiriti wala dawa yoyote, upeleke maabara. Punje hiyo ina habari nyingi kuliko shuhuda mia.

Hatua ya 4: Rekebisha maji kabla ya kugusa mmea wowote

Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya miaka mitano kwa watu 199 waliokuwa wamepata jiwe la kalsiamu kwa mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji mengi, nusu waliachwa kama walivyokuwa. Mawe yaliwarudia asilimia 12 ya wanywaji maji, na asilimia 27 ya wengine. Hakuna mmea wenye ushahidi wa namna hiyo.

Lengo ni kutoa mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku. Nasema kutoa, si kunywa, maana kiasi cha kunywa hutegemea joto na kazi unayofanya. Anayetoka jasho siku nzima anaweza kunywa lita 3 na bado akapata mkojo mchache wa rangi nzito. Chagua siku moja ukiwa nyumbani, kojolea kwenye chupa uliyoiwekea alama za ujazo, jumlisha saa 24. Wengi wakipima hushangaa jinsi walivyo mbali na lengo. Na gawa maji yako hadi jioni, kwani mkojo wa usiku ndio mzito.

Jambo moja zaidi kuhusu maji: wakati maumivu yamepamba moto, kujilazimisha kunywa lita nyingi kwa mkupuo hakusukumi jiwe. Njia ikiwa imeziba, maji hayo huongeza shinikizo nyuma ya jiwe na maumivu huzidi. Kunywa kawaida, tuliza maumivu kwa dawa aliyokuandikia daktari, kisha endelea na ratiba yako mawimbi yakipungua.

Sasa fikiria jagi la maji ya majani yaliyochemshwa ambalo mgonjwa huambiwa alimalize kwa siku. Hata kama majani hayo hayana nguvu yoyote, ameongeza lita moja au mbili za maji. Sehemu ya sifa za mitishamba mingi imo humo.

Hatua ya 5: Chagua mmea kwa ushahidi, si kwa sifa

Anza na *limau*. Maji yake yana sitreti nyingi, na sitreti hushikana na kalsiamu kwenye mkojo ili isiikamate oksaleti. Mwaka 2022 yalichapishwa majaribio kutoka Bergamo, Italia, kwa watu 203 ambao mawe ya kalsiamu na oksaleti yalikuwa yakiwarudia. Kundi moja lilikunywa mililita 60 za maji ya limau bichi mara mbili kwa siku kwa miaka miwili, juu ya ushauri wa kawaida wa chakula. Mawe yaliwarudia 21 kati ya 100 wa kundi hilo, na 32 kati ya 103 wa kundi jingine. Tofauti inaonekana, ila kitakwimu haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati, na wengi walishindwa kuendelea kwa sababu ya tumbo kuchafuka. Kwangu mimi limau bado ni la kwanza kwenye orodha: ni salama kwa wengi, linapatikana, na linamfanya mtu anywe maji. Changanya na maji mengi, usitie sukari, na suuza mdomo kwa maji baada ya kunywa ili asidi isile meno. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia kikali aliache.

Pili ni *Phyllanthus niruri*, mmea mdogo wa nchi za joto ambao nchini Brazil na nchi jirani zake hutumika kwa mawe tangu zamani. Huu umefanyiwa kazi zaidi ya mimea mingi. Maabara ilionyesha kwamba maji yake huzuia fuwele za oksaleti kujishika kwenye chembe za mirija ya figo. Kwa wagonjwa, utafiti wa Italia wa mwaka 2006 uliwahusisha watu 150 waliokuwa wamevunjiwa mawe kwa mawimbi ya mshtuko. Waliopewa mmea huu kwa miezi mitatu au zaidi walisafika vizuri zaidi mabaki ya mawe yaliyokuwa kwenye vyumba vya chini vya figo, mahali ambapo vipande hukawia kutoka. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2018, watu 56 wakinywa chai yake kwa wiki 12, ulikuta oksaleti na asidi ya yuriki zikishuka kwa wale waliokuwa nazo nyingi kwenye mkojo. Huo haukuwa na kundi la kulinganisha, basi upokee kwa tahadhari. Ninachokiona hapa ni mmea unaoweza kusaidia vipande vitoke na kuzuia vipya. Kuvunja jiwe lililokwisha kukomaa ni dai ambalo tafiti hizo hazikulithibitisha.

Ukitaka kuutumia, hakikisha ni wenyewe. Majani yake ni madogo, yamepangwa pande mbili za kijiti. Geuza kijiti ukitazame kwa chini: utaona vitunda vidogo vya mviringo vimening'inia kwa mstari, kila kimoja kwenye kikwapa cha jani. Vunja shina. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, umeshika mmea mwingine, na mimea ya utomvu huo inaweza kukudhuru tumbo. Jamaa zake wa karibu, kama *Phyllanthus amarus*, hufanana nao sana na huuzwa kwa jina lilelile, na huwezi kudhani kwamba kilichopimwa kwa mmoja kinamhusu mwingine.

*Habbasoda* ina majaribio madogo ya Iran: wagonjwa 60, nusu wakimeza miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki 10, nusu wakimeza vidonge visivyo na dawa. Waliotoa mawe walikuwa wengi zaidi upande wa habbasoda. Matokeo yanatia moyo, lakini watu 60 ni wachache. *Maji ya dafu* yalipimwa kwa watu wanane wenye afya, na sitreti kwenye mkojo wao ikapanda kwa asilimia 29. Hiyo ni ishara nzuri, ila hakuna aliyepimwa kama mawe yalipungua. Na dafu lina potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu haiwezi kuitoa.

Ndevu za mahindi, kotimiri, shayiri na majani ya *Orthosiphon* yanayonywewa sana Kusini-mashariki mwa Asia huongeza mkojo kwa viwango tofauti, na ushahidi wake kwa mawe yenyewe ni hafifu. *Ammi visnaga* wa Misri ni kisa tofauti. Una kemikali ya khelini inayolegeza misuli laini, na wanasayansi walipoifuata kemikali hiyo walifikia dawa za hospitali zinazotumika hadi leo kwa pumu na kwa mapigo ya moyo. Kwa mawe, tafiti zilizo wazi ni za panya.

Hatua ya 6: Jua mimea ya kukaa nayo mbali

Hatua hii naisisitiza kuliko zote. *Mbirimbi* una oksaleti nyingi mno. Madaktari wa Kerala, India, walieleza mwaka 2013 wagonjwa kumi ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa maji ya tunda hilo kama tiba ya mafuta kwenye damu. Ndugu yake, tunda la nyota lenye pembe tano, lina oksaleti pia, na mtu mwenye figo dhaifu akilila anaweza kupata kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa, degedege, hata kufa. Watu huyatafuta matunda haya kwa sababu ni machachu kama limau, wakidhani uchachu ndio dawa. Uchachu wa limau ni sitreti. Uchachu wa mbirimbi unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya oksaliki, malighafi ileile ya jiwe.

Mimea ya jenasi ya *Aristolochia* ni hatari kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya mia nchini Ubelgiji waliharibikiwa figo baada ya kupewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito vilivyokuwa na mmea huo, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Kwa hiyo usinywe unga uliochanganywa mimea mingi usiotajwa majina. Muuzaji akikataa kukutajia kilichomo, rudisha.

Manjano ya jikoni kwenye mchuzi hayana shida, lakini vidonge au vijiko vingi vya manjano kila siku huongeza oksaleti kwenye mkojo. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 navyo mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti, na utafiti wa Uswidi wa mwaka 2013 ulikuta wanaume waliovimeza walipata mawe mara mbili ya wasiotumia. Juisi za mboga mbichi za kila asubuhi zilizojaa spinachi ni kundi hilohilo. Rosela hupendwa sana kwa figo, lakini utafiti wa Thailand ulionyesha huongeza asidi ya yuriki inayopita kwenye mkojo, basi asiyejua aina ya jiwe lake asiifanye dawa ya kila siku.

Hatua ya 7: Tumia mmea mmoja, kwa muda uliopangwa

Ukichanganya mitatu na ukapata upele, kuhara au presha kushuka, hutajua ni upi. Anza na mmoja, kiasi kidogo, na andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Mwambie daktari au mfamasia kabla, hasa kama unameza dawa za presha, za kisukari, za kuzuia damu kuganda, au lithiamu (dawa ya maradhi ya akili). Mmea unaoongeza mkojo unaweza kuifanya lithiamu ijazane mwilini hadi iwe sumu, na ule unaoshusha sukari au presha utajumlisha nguvu na dawa yako. Kama unatarajia upasuaji, acha mitishamba mapema na useme ulichokuwa ukitumia. Hakuna daktari makini atakayekukasirikia kwa kusema ukweli. Ukikutana na wa kukufokea, bado mwambie, maana yeye ndiye atakayekuandikia dawa.

Usipunguze maziwa na vyakula vingine vya kalsiamu eti kwa kuwa jiwe ni la kalsiamu. Kalsiamu inayoliwa pamoja na mlo huishika oksaleti tumboni ikatoka na choo. Utafiti wa Italia wa mwaka 2002, wanaume 120 kwa miaka mitano, ulikuta mawe yamewarudia 23 kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, na 12 tu kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama. Chumvi ndiyo ya kupunguza, kwa sababu huvuta kalsiamu kuingia kwenye mkojo.

Hatua ya 8: Rudi kupima

Kama jiwe liko kwenye mrija, hujalikamata kwenye chujio, na wiki nne hadi sita zimepita, rudia picha hata kama husikii maumivu. Nenda na kile ulichoandika: milimita za mwanzo, mmea uliotumia, kiasi, tarehe. Jiwe likiwa bado lipo, kuna dawa kama tamsulosini ambayo hulegeza mrija na husaidia zaidi mawe ya milimita 5 hadi 10 yaliyokaribia kibofu. Kuna mawimbi ya mshtuko, na kuna kuingiza kifaa chembamba kupitia njia ya mkojo na kulivunja jiwe hapohapo.

Likiwa limetoka, omba kipimo cha mkojo wa saa 24, hasa kama si jiwe lako la kwanza. Kitaonyesha kama tatizo lako ni maji machache, kalsiamu nyingi, oksaleti nyingi, asidi ya yuriki au sitreti ndogo. Sitreti ikiwa ndogo, limau lina sababu ya kuwa mezani kwako. Asidi ya yuriki ikiwa nyingi, utaiacha rosela. Rudia kipimo hicho miezi kadhaa baada ya kuanza mmea, na ulinganishe karatasi mbili.